Simu Aliyopokea Mkwe

Dama hakuwa mtu wa kunong'ona. Pale Mkongani, akigombeza mbuzi, jirani wa bondeni alijua ni mbuzi yupi na amekosa nini. Mumewe Chome, Mungu amrehemu, alizoea kusema kwamba yeye alioa mke na baragumu kwa mahari moja. Basi ukiona mwanamke wa namna hiyo amefunga mdomo miezi na miezi juu ya kitu kinachomla mwilini, usiseme ni woga. Ilikuwa adabu. Na adabu hiyo, ikishikana mikono na uzembe wa watu wanaolipwa kuhudumia wagonjwa, nusura imtie kaburini.

Kazi yake ilikuwa kushona makuti. Vijana walileta majani ya minazi, naye akakaa na wanawake wenzake chini ya banda, akikunja jani moja moja juu ya kijiti na kulishona, mpaka rundo likatosha kupelekwa Diani kuezekea mabanda ya hoteli. Wageni hukaa chini ya makuti hayo wakinywa vinywaji vyao vya baridi, na hawajui kama duniani kuna mtu aitwaye Dama. Hilo halikumkera. Yaliyomkera yalikuwa mengine.

Siku moja Hanifa, mhudumu wa afya ya jamii na jirani yake wa miaka mingi, aliketi nao bandani akawafundisha namna mwanamke anavyojipapasa matiti kutafuta uvimbe. Wanawake walicheka mpaka machozi yakawatoka. Dama alicheka kuwashinda wote, akasema matiti yake yalikwisha staafu zamani na hayataki wageni. Lakini jioni ile bafuni, mkono ulikwenda wenyewe. Upande wa kushoto palikuwa na kitu kigumu, mfano wa kokwa ya ukwaju. Alikibonyeza, kikatulia pale pale. Asubuhi alikwenda kwa Hanifa hata kabla ya kupiga mswaki.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Sitamwambia mtu, Mama Rispah. Lakini hospitali utakwenda, na utakwenda nami."

Wenzake wa bandani walipouliza, aliwaambia anakwenda kutazamwa mgongo. Nani angemkatalia? Kila mshona makuti ana mgongo.

Hospitali yenyewe ilikuwa ile kubwa ya serikali, yenye jengo jipya la wagonjwa wa saratani. Siku ya kulifungua, waheshimiwa walikuja na magari yao, ngoma zikapigwa, utepe ukakatwa, watu wakala pilau. Walipokwisha ondoka, ndani vilibaki viti vichache vya kutilia watu dawa, nesi mmoja wa kutegemewa, na mabenchi marefu ya kungojea. Mabenchi hayo ndiyo hayakupungua kamwe.

Yule nesi wa kutegemewa aliitwa Nereah, mwanamke wa kutoka bara mwenye mikono myepesi. Alimtazama Dama, akamwita daktari, na daktari akakata kinyama kidogo cha kupelekwa maabara Mombasa. Hapo Dama hakuwa na la kulalamika. Alipotoka nje, kijana wa dirishani aliyeitwa Cliff akamwuliza namba ya simu.

Simu alikuwa nayo, ile ndogo ya tochi. Ila kwake mtandao haukuwapo mpaka upande juu ya kichuguu nyuma ya zizi, na hata hapo uinamie upande wa Kwale. Cliff akamwambia atoe namba ya mtu wa familia ambaye simu yake haizimiki. Rispah, mtoto wake wa pekee, alikuwa Saudia akifanya kazi za nyumbani, na simu yake ilikaa kwa tajiri wake. Alipiga alipopewa ruhusa, na ruhusa ilikuja kama mvua ya kiangazi. Basi Dama akatoa namba ya mume wa Rispah. Tsuma aliishi Bongwe, akafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na alisema na Wazungu kwa Kiingereza na Kijerumani pasipo kutoa jasho. Nani angefaa zaidi kupokea simu kuliko mtu ambaye kupokea simu ndiyo kazi yake?

"Sawa, mathe," akasema Cliff. "Matokeo yakitoka tutampigia."

Mtu wa kwingine haoni kosa hapo. Mtu wa kwao angepigwa na butwaa.

Maana kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa mbali. Kijana hakai kwenye mkeka wa mama mkwe, hali naye sahani moja, hamtazami usoni akizungumza naye, na humsemesha kwa wingi kana kwamba yeye ni watu watatu. Yaliyo kati ya shingo na magoti hayatajwi kabisa, yawe ya mtu ama ya mnyama. Siku hizi wengi wamelegeza. Dama hakulegeza hata kidogo. Tsuma alipokuwa bwana harusi mpya, alikuja kutembea ukweni, akawaona mbuzi wamerudi malishoni, akatamka mbele yake kwamba yule mweupe chuchu zimevimba, heri akamuliwe. Lo! Dama aliinuka, akaingia ndani, akatuma maneno kwa wajomba wa Tsuma. Kijana akatozwa jogoo, akakanywa mbele ya wazee, na toka siku hiyo mambo ya mbuzi wa ukweni hakuyagusa tena. Dama alilisimulia jambo hilo kwa fahari miaka mingi, kwamba yeye mkwe wake amemnyoosha.

Huyo ndiye aliyeandikishwa kupokea habari za titi lake.

Ikaanza kazi ya kungoja. Dama alishona makuti na kungoja, akachuma kunde na kungoja. Kila Hanifa alipopita alimwuliza kama simu imepigwa, naye alijibu kwamba ingepigwa Tsuma angesema. Kumwuliza Tsuma mwenyewe hakuweza. Angemwulizaje? Kuuliza kungekuwa kutaja. Kokwa ya ukwaju ikawa ndimu. Ngozi ya juu yake ikaanza kukakamaa kama ganda la chungwa, na kanga ikawa inamkwaruza. Alijifunga kitambaa ndani, akaendelea kusema mgongo, mgongo.

Katikati ya kungoja huko, Tsuma alikuja kumtembelea. Hakuwa amealikwa wala hapakuwa na msiba. Alikaa kwenye kigoda kando ya zizi, uso ameuelekeza barabarani.

"Shikamoo, mkwe."

"Marahaba, baba. Kwema huko Bongwe?"

"Kwema. Nilisema nije niwajulie hali."

"Sisi wazima."

"Na ule mgongo wenu?"

"Mgongo upo."

Tsuma alipangusa vumbi viatuni. Akakohoa. Akavua kofia, akaivaa. Mwisho akauliza kama Rispah amepiga simu, akaambiwa hajapiga.

"Akiwapigia, mwambieni anitafute upesi. Nina neno naye zito."

Akaacha sukari na majani ya chai, akaenda zake. Baadaye akaja tena, akakaa pale pale, akauliza yale yale, akaacha sukari nyingine. Dama alimweleza Hanifa kwamba mkwe wake huyo ana jambo. Ama anataka kuoa mke wa pili naye mwenzake yuko ugenini akifua nguo za watu, ama anawamezea mate mbuzi wangu. Akaapa kwamba siku atakapofungua kinywa kuomba lolote, atamwonyesha kilichomnyima kuku meno.

Kumbe masikini alikuja kusema. Alikuja kusema na ulimi ukamkatalia.

Hanifa ndiye aliyechoka kungoja. Siku alipomwona Dama anashindwa kuinua mkono wa kushoto kufunga fundo, alimwondolea kuti mikononi. "Tunakwenda kuwauliza," alisema. "Sasa hivi. Na usiniambie habari ya mgongo."

Dirishani alikuwa Cliff yule yule, mstari wa watu umejipanga mpaka nje. Alibofya mashine yake, akakunja uso.

"Dama Chome? Wewe mbona tulikupigia kitambo?"

"Mlimpigia nani?"

"Hii namba uliacha. Kijana wako akashika. Tukamwambia mathe wake ana kansa ya titi, aje aanze dawa mara moja. Akasema sawa. Hukukuja. Tukampigia tena, akasema sawa. Hukukuja. Sasa system imekushusha chini."

Hivyo ndivyo Dama alivyopewa habari kwamba ana saratani. Amesimama dirishani, mkono juu ya ubao, nyuma yake mzee anakohoa na mama mmoja anabembeleza mtoto, na kijana wa watu anamwambia huku anatafuna biskuti.

"Umesema nina nini?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo Hanifa hakuwahi kuisikia.

Cliff akaacha kutafuna. Nadhani hapo ndipo alipofahamu. Lakini badala ya kuomba msamaha alitazama mashine, kana kwamba mashine ndiyo iliyosema.

Kisha lile baragumu la Chome likalia.

"Mlimwambia mkwe wangu habari za titi langu kabla ya kuniambia mimi mwenye titi? Mkwe wangu! Mtoto wa watu hawezi kutaja chuchu za mbuzi mbele yangu, nyinyi mkamtuma aje anitajie langu? Aliyewatuma ni nani? Ni shetani gani aliyewapangia kazi hii?"

"Mathe, tulia basi. Tulidhani ni mtoto wako."

"Mlidhani! Mmejenga jumba, mmepaka rangi, mmeleta mashine, halafu mnatibu watu kwa kudhani!"

Neno ambalo hakulitaja hata kwa dada zake lilijaa ukumbi mzima, na wala hakuona haya. Mzee aliyekuwa akikohoa alisema, "Mwambie, mama." Mlinzi alikuja mbio, akamwona ni mwanamke mtu mzima anayetetemeka, akarudi nyuma. Aliyemshika mkono na kumwingiza ndani alikuwa Nereah.

Nesi yule alifunga mlango, akamkalisha, akamfungua kitambaa, akatazama. Hakusema kitu kwa kitambo. Dama alijua maana ya kimya hicho, kwani ndicho alichokitumia yeye mwenyewe miezi yote.

"Ungekuja tulipopiga, mama, daktari angekikata na kukitoa. Sasa kimekua. Lazima tukipunguze kwa dawa kwanza, ndipo akate."

"Bado kinatibika?"

"Bado. Lakini hiki si cha kungoja tena."

"Basi nianze leo."

Nereah alikwepesha macho. Viti ni vichache, alieleza, na kila kimoja kina mtu wake. Aliyekosa mwito huanza upya nyuma ya foleni. Ndivyo walivyopangiwa na wakubwa.

"Na siku mliyonipangia mimi, kiti changu alikalia nani?"

"Hakuna. Tulikungoja mpaka jioni. Kumwita mwingine hatukuwahi."

Hebu fikiri hapo. Nje mabenchi yamejaa watu wanaosinzia kwa maumivu, wengine wametoka Kinango usiku usiku, wengine Lunga Lunga. Ndani kiti ni kitupu kutwa nzima, chupa ya dawa imekaa, nesi amesimama mlangoni anatazama njia. Mwenye kiti yuko kwake Mkongani anashona makuti na kuambiana na jirani kwamba hospitali ya serikali haijapiga simu. Na hakuna aliyekuwa mwongo! Hilo ndilo linalochoma. Ukimtafuta mwongo wa kumpiga kofi humpati.

"Kwa hiyo jina langu limerudi nyuma," Dama alisema polepole, "kwa sababu mkwe wangu ana adabu."

Nereah alichukua kalamu. Aliandika namba ya Hanifa, akasema atajitahidi. Dama alimwambia kujitahidi akawaachie wanafunzi wa shule.

Hakurudi nyumbani. Alimwambia Hanifa wapitie Diani, na Hanifa alipomwona uso hakubishana. Mama mkwe kwenda kazini kwa mkwe wake, bila taarifa, na kanga ya shambani, ni jambo la kusimuliwa matangani. Alisimama kwenye lango la wafanyakazi akamwambia askari amwitie Tsuma. Tsuma alitoka na shati lake jeupe na kibandiko cha jina kifuani. Alimwona. Hakuuliza kuna nini. Alichutama palepale kwenye mchanga, macho chini.

"Shikamoo, mkwe."

"Sitaki shikamoo yako. Walikupigia simu?"

"Walinipigia."

"Wakakwambia nini?"

Tsuma akachimba mchanga kwa kidole.

"Nakuuliza wewe! Wakakwambia nini?"

"Ningeanzaje, mkwe?" Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya viatu vyake vilivyong'arishwa. "Mlinitoza jogoo kwa mbuzi. Ningeanzaje kwa mtu? Nilikuja mara ya kwanza nikashindwa. Nikaja mara ya pili, njia nzima najifunza kusema, nikaona kile kitambaa kimechungulia chini ya kanga yenu, nikashindwa. Nilimngoja Rispah apige, yeye ni mtoto wenu, awaambie. Nimemtumia ujumbe kila siku. Tajiri wake ameishika simu."

"Ungemwambia Hanifa!"

"Sikujua kama anajua. Nimwambie jirani siri ya mkwe wangu?"

"Ungesema hospitali inaniita, basi!"

"Mngeniuliza wamesemaje. Ningewadanganya?"

"Ungewaambia mbuzi! Ungepiga kelele njiani! Ningekufa, Tsuma. Ningekufa, nawe ungekuja matangani ukakaa mbali vile vile, umeinamisha kichwa, na watu wangekusifu. Mkwe mwenye heshima zake!"

Askari wa lango alijitia kutazama bahari. Dama alikuwa anahema. Alitaka kuendelea, maneno alikuwa nayo, lakini yule jogoo alikuwa amemkaa kooni. Nani aliyemtia mtoto huyu woga huo? Ni yeye, tena kwa fahari. Hasira yake ilimrukia Tsuma ikarudi, ikamrukia Cliff na wakubwa wa Cliff, ikarudi tena kwake, ikakosa pa kutua. Mtu akikasirikia mmoja hupumzika. Yeye aliwakasirikia wote, na wa kwanza alikuwa yeye.

"Inuka," alisema. "Siku wakiniita, utanipeleka wewe. Utakaa nami kitini, si uani. Na daktari akisema neno, utalisikia na utalirudia mpaka ulimi ukome kutetemeka."

Hakumwambia amemsamehe. Hakuwa amemsamehe.

Safari hii Nereah mwenyewe alimpigia Hanifa, na haikuchukua muda mrefu. Kuna kiti kimepatikana, alisema, mama aje kesho asubuhi na asichelewe. Hanifa alipanda kilima mbio kama msichana. Asubuhi ile Tsuma alikuja kumchukua, akamfungulia mlango wa gari aliloazima kwa rafiki, na kwa mara ya kwanza tangu aoe alikaa benchi moja na mama mkwe wake, ingawa ukingoni kabisa, kitako kimoja nje.

Daktari alieleza. Tsuma alisikiliza kama anayesomewa hukumu. Daktari aliuliza nani atakayemhudumia mgonjwa nyumbani, Dama akamwonyesha Tsuma, na alipotakiwa aeleze alichoelewa, kijana alifumba macho. "Titi la kushoto," alisema, "la mama mkwe wangu, lina saratani. Atatiwa dawa, kisha litakatwa." Jasho lilimchuruzika mpaka kidevuni. Dama alitazama dirishani. Aliona haya kweli, haya ya kumfanya mtu atamani ardhi ipasuke, na hakufa.

Wakamkalisha kwenye kiti. Kilikuwa kikubwa, cha ngozi ya bandia, pa kuegemeza mikono pamechanika. Nereah alimfunga mpira mkononi, akapiga piga mshipa kwa vidole viwili.

"Kiti hiki kilikuwa cha nani?" Dama akauliza.

"Chako, mama."

"Leo ni changu. Hadi jana kilikuwa cha nani? Mlisema kila kiti kina mwenyewe."

Nereah alisita. Kilikuwa cha mama mmoja wa upande wa Kinango, alisema. Wamempigia mara mbili. Anashika mwanamume, anasema sawa, halafu kimya. Hajatokea, kwa hiyo mfumo umemshusha.

Dama akauvuta mkono wake.

"Mwanamume gani?"

"Mama, sijui. Namba ndiyo hiyo waliyoacha. Tulia nipate mshipa."

"Hunipati mshipa mpaka umpigie."

"Tumekwisha mpigia."

"Mpigie nikiwapo."

"Hairuhusiwi, mama. Ni siri ya mgonjwa."

"Siri!" Waliokuwa kwenye viti vingine waligeuka na mipira yao. "Mlimwambia mkwe wangu titi langu, hilo liliruhusiwa. Mlinitangazia kansa dirishani na biskuti mdomoni, hilo liliruhusiwa. Leo ndipo mmekumbuka siri? Nesi, wewe ni mtu mwema, nami sitaki kukuvunjia heshima. Lakini nimekalia nafasi ya mwenzangu, na mwenzangu hajui kama alikuwa na nafasi. Nikitiwa dawa yake naye anakufa kwa adabu ya mtu, dawa hiyo itanifaa nini? Piga."

Nereah alitazama mlango. Hakuna mkubwa aliyekuwapo. Wakubwa huwapo siku ya utepe. Akatoa simu mfukoni, akapiga, akaweka sauti juu. Iliita mpaka ikakaribia kukatika, ndipo sauti ya mwanamume ikasema haloo.

"Ni hospitali tena," Nereah alisema. "Tunamtafuta mama—"

"Sawa, sawa," sauti ikasema upesi. "Nitamwambia."

Dama akainyakua simu kwa mkono ule ule uliofungwa mpira. "Hutamwambia! Wewe ni nani wake?"

Sauti ikapungua. "Ni... ni mkwe wangu. Nimemwoa binti yake."

Tsuma, aliyesimama mlangoni, alijifunika uso kwa viganja.

"Basi nisikilize, mwanangu. Mimi ni mama mkwe wa mtu kama wewe. Najua uliwekwa pabaya, na waliokuweka pabaya ni hawa niliokaa nao hapa, na nitawaambia. Lakini mama huyo ukimficha hutakuwa umemheshimu, utakuwa umemzika. Hutaki kusema, usiseme. Mpelekee simu tu. Tembea naye mpaka alipo, mwekee sikioni, kisha ukae mbali upendavyo."

Walisikia hatua. Walisikia mlango wa mabati, kuku, mwanamume akisema kwa wingi, "Mkwe, mnaitwa." Ilichukua muda. Nereah hakumhimiza mtu. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, mbali kidogo, ikauliza ni nani mwenzangu.

Dama alijitambulisha kwa jina na kwa kijiji. Alimwuliza ukoo wake na hali yake, kwani huwezi kumrukia mtu kwa msiba bila kumjulia hali. Akamwambia kwamba hospitali ilimpigia, siku nyingi sasa, kwamba neno lake analo nesi na atampa yeye mwenyewe, uso kwa uso. Akasema wiki ijayo atakuwa na kiti, tena cha mbele. Hapo alimkazia Nereah macho. Nereah aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayejua atakavyogombezwa.

Upande wa pili kulisikika kigoda kikivutwa, na mtu akiketi.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaningoja?" mwanamke yule aliuliza. "Nami siku zote hizi niko hapa mlangoni, nawangoja nyinyi."